UZI: Holga, kamera ya plastiki, ndani ya vichochoro vya Lamu: nilivyoiziba, nilivyoitoboa na ninavyopigia kivulini

#1 MwanaUsitani (Lamu)

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote wa jukwaa la picha.

Mwezi uliopita niliweka humu picha tatu za vichochoro vya Mkomani, zile zenye pembe nyeusi na katikati pamekolea kama unachungulia kisimani. Watu wakauliza ni programu gani ya simu. Si programu. Ni kamera ya plastiki inaitwa Holga, inakula mkanda, na lenzi yake nayo ni ya plastiki. Nilimjibu kila mtu kwa mstari mmoja, nafsi yangu haikuridhika. Leo nimepata wasaa. Kama unayo kabatini na ulishaikatia tamaa, itoe uiweke mezani tusome pamoja.

Ilianza kutengenezwa Hong Kong mwaka 1982, mbunifu wake T. M. Lee, ili mtu wa kipato cha kawaida kule China apate kamera. Mkanda uliokuwa umeenea kwao wakati ule ni 120, ule mpana wenye karatasi mgongoni, ndiyo maana Holga ya asili inakula huo. Haukupita muda mkanda wa 35mm ukafurika, kamera ikakosa wanunuzi nyumbani, lakini wapiga picha wa nchi za mbali wakaipenda kwa kasoro zake zilezile. Kiwanda kiliacha kuitoa mwaka 2015, ikarudi sokoni mwaka 2017. Yangu ni 120N ya toleo la zamani, nimeachiwa na mjomba.

Ndani hakuna maajabu. Kasi ya kilango cha mwanga ni moja, kama 1/100 ya sekunde. Tundu la mwanga ni karibu f/13 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Lenzi ni 60mm. Fokasi imechorwa picha nne juu ya pete: mtu mmoja ni mita 1, watu watatu mita 2, kundi mita 6, mlima ni mita 10 na kuendelea. Mimi hupima kwa kanga. Upana wa kanga ni mita moja na kidogo, basi nikiona mtu yuko umbali wa kanga iliyotandazwa kwa upana, naweka alama ya mtu mmoja. Sijakosea mara nyingi kwa kipimo hicho.

Sasa balaa. Mkanda wangu wa kwanza niliupoteza gatini Mokowe. Kifuniko cha nyuma cha Holga hakina bawaba, kinashikwa na vibanio viwili vya bati ubavuni, na waliobuni wakafunga mkanda wa shingoni kwenye vibanio hivyohivyo. Maana yake kila ukitembea na kamera shingoni, uzito wake unavivuta vibanio juu kidogo kidogo. Niliinama kupokea mzigo kutoka kwenye boti, nikasikia "ta!", kifuniko kikaanguka miguuni saa saba mchana, jua la utosi. Picha kumi na moja za safari nzima. Nilikirudisha haraka lakini mwanga haungoji mtu. Uliposafishwa, mkanda ulikuwa mweusi ti kuanzia picha ya kumi na moja kurudi hadi ya tatu, na mbili za mwanzo, zilizokuwa ndani kabisa ya spuli, zina michirizi kama moto wa makuti.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuziba, hata kabla hujafikiria lenzi:

Ng'oa mkanda wa shingoni kwenye vibanio. Kamera ishike mkononi au iweke kwenye kikapu. Mimi nimepitisha mpira wa nguo, ule mpana wa kiunoni, kuizunguka kamera nzima. Unashika kuliko tepu na hauachi gundi. Juu ya maungio ya kifuniko napitisha tepu nyeusi ya mafundi wa umeme. Tepu ya karatasi usihangaike nayo, kwa unyevu wa huku jioni imeshaachia.

Kidirisha chekundu cha nyuma, cha kusomea namba za picha, kinapitisha mwanga zaidi ya unavyodhani. Nimekiwekea mlango wa tepu: kipande kimekunjwa ncha, nakifunua kivulini nikisogeza mkanda, nakifunika. Pale ufukweni Shela, mchanga unapotupa mwanga kutoka chini, mlango huo ndio umeniokoa.

Halafu ndani. Kile chumba kati ya lenzi na mkanda kinang'aa, na mwanga ukiingia kwa ubavu unarukaruka humo na kuipausha picha rangi. Kipake rangi nyeusi isiyong'aa, kisha iache wazi siku mbili tatu hadi harufu iishe kabisa.

Sasa lile lililonishangaza kuliko yote. Juu ya lenzi kuna kiswichi chenye jua na wingu. Nilikuwa nakibadilisha kwa adabu kila nikitoka uani kwenda baharini. Siku nilipofungua kamera (skrubu mbili ziko ndani, upande wa mkanda) nikakuta kile kimkono cha "jua" kina tundu kubwa kuliko tundu lililotulia nyuma yake. Yaani ukiweka jua, ukiweka wingu, mwanga ni uleule. Kasoro hiyo ilikaa kwenye Holga zote za zamani, na matoleo ya kuanzia 2009 ndiyo yaliyorekebishwa.

Dawa yake ni ndogo. Kata kijikaratasi kigumu cheusi, kitoboe tundu la milimita 3 kwa sindano ya moto, lilainishe kwa msasa mwembamba, ligandishe juu ya kimkono katikati kabisa. Kwa nini 3? Lenzi ni 60mm, gawa kwa 3 unapata f/20. Hapo jua lina maana yake na wingu lina maana yake. Gundi iwe kidogo sana, ikitambaa kwenye springi umemaliza kamera.

Nipumzike kidogo, nitarudi na sehemu ya kupiga.

#2 FundiCherehani (Mombasa)

Maashallah, kaka. Kuhusu kupaka rangi ndani, je nikigandisha kitambaa cheusi? Mimi ni fundi nguo, nina vipande vya buibui tele.

#3 MwanaUsitani

Bwana fundi, kitambaa kinameza mwanga kuliko rangi, ila kinatoa nyuzi. Uzi mmoja ukitua mbele ya mkanda utauona kwenye kila picha, kama unywele juu ya sahani. Ukitumia, chagua kisichochanika, choma kingo zake kwa moto zishikane, halafu kamera ikung'ute vizuri kabla ya kuweka mkanda. Na usisogee karibu na njia ya mwanga, baki kwenye kuta.

#4 MwanaUsitani

Nimerudi. Hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Kanuni ya wazee wa picha ni kwamba juani, ukiweka f/16, kasi iwe sawa na namba ya ISO ya mkanda, yaani wepesi wake wa kunasa mwanga. ISO 100 kwa 1/100. Holga ni f/13 na 1/100, kwa hiyo mkanda wa ISO 100 juani unakaa sawa bila hesabu yoyote. Ndiyo maana mtu wa pwani akinunua ISO 100 akapige jahazi saa nne asubuhi, anapata. Halafu anaingia mjini, anapiga kichochoro, anapata giza, anailaumu kamera.

Mji wetu umejengwa kukwepa jua. Kuta za mawe ya matumbawe ni ndefu, njia ni nyembamba, punda mwenye shehena akija unabana mgongo ukutani apite. Ukitoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ukapinda mara mbili kuelekea juu, mwanga umepungua mara nane, mara kumi na sita, na jicho halikuambii kwa sababu jicho huzoea. Mkanda hauzoei.

Ninachofanya: ISO 400 ndio mkanda wangu wa kudumu. Kwenye kivuli kilicho wazi, penye mbingu juu, bonyezo moja linatosha. Kichochoroni, nabonyeza mara mbili au mara nne juu ya picha ileile. Holga haijui kwamba umeshapiga. Kilango cha mwanga hakijafungwa na gurudumu la mkanda, basi kila bonyezo linaongeza mwanga juu ya ule wa kwanza. Mabonyezo mawili ni mwanga maradufu, manne ni maradufu ya pale. Sihitaji fleshi, sihitaji kamera nyingine.

Sharti lake kamera isitikisike, na hapa mji umetupa stendi za bure: baraza. Kila mlango wa zamani una baraza ya jiwe pande mbili. Naiweka kamera juu ya baraza, chini yake nakunja kitambaa, nashikilia kwa kiganja cha kushoto, nabonyeza kwa kidole cha kulia taratibu, nasubiri pumzi, nabonyeza tena.

Picha niipendayo kuliko zote niliipiga hivyo. Kuna mzee mtaani kwetu anashona kofia kila alasiri barazani. Nilimwamkia, nikakaa, tukaongea kuhusu bei ya uzi, ndipo nikamuomba. Akaitazama kamera, akaniuliza kama ni ya mwanangu. Nikamwambia ni ya kazi. Akakubali, akaendelea kushona. Nikabonyeza mara tatu. Uso wake umetulia kama umechongwa kwenye mlango, kofia yake imetulia, lakini ule mkono wa sindano umetokea mara tatu, mmoja juu ya mwingine, mwepesi kama moshi, na uzi unameta katika nafasi tatu. Nilimpelekea nakala. Ameiweka ndani ya kopo la nyuzi.

Na hili niliseme waziwazi: ombeni. Mji huu watu wanapigwa picha na wageni mchana kutwa kama wao ni milango. Hii kamera inaonekana kichezeo, watoto wanaikimbilia, watu wazima hawaiogopi, na hiyo si ruhusa. Kina mama ndani ya buibui wakipita, mimi huishusha kamera hadi wapite. Sijawahi kujutia picha niliyoiacha.

Jambo moja dogo lenye hasara kubwa: chini ya lenzi kuna kiswichi cha N na B. Kwenye B kilango kinabaki wazi muda wote ulioshika. Kinasogea chenyewe mfukoni. Kibandike tepu kwenye N.

#5 PwaniKwetu (Mombasa)

Nakuuliza kwa heshima tu. Simu yangu ina programu inayotoa pembe nyeusi na michirizi yote hiyo, na picha naiona hapohapo. Taabu yote hii ya nini?

#6 MwanaUsitani

Swali halali, ndugu. Simu ikiingia kichochoroni inajiongezea mwanga yenyewe, kila pembe inaonekana, kivuli kinakuwa kijivu. Mimi nimezaliwa kwenye kivuli hiki. Nyanya yangu alikuwa anajua saa ya sala kwa mstari wa jua ukutani uani. Kamera yenye tundu moja na kasi moja imenilazimisha kufanya kama yeye: siwezi kubadilisha kitu ndani ya kamera, basi nabadilisha saa ya kwenda. Najua sasa kwamba kichochoro cha nyuma ya nyumba yetu kinapata jua la moja kwa moja kwa muda mfupi tu karibu na adhuhuri, na kwamba wakati wa kaskazi linaangukia ukuta mmoja, wakati wa kusi linaangukia mwingine. Miaka thelathini nimepita hapo bila kulijua. Simu sikuikataa, napigia za familia.

#7 BintiMalindi (Malindi)

Kaka, shukran. Mimi nina Holga kama yako lakini mkanda wa 120 sijaupata Malindi. Nina 35mm mitatu kwenye friji. Inawezekana?

#8 MwanaUsitani

Inawezekana, dada, na ni tamu. Picha inamwagika hadi kwenye vile vitundu vya pembeni mwa mkanda.

Kopo la 35mm ni fupi kuliko nafasi ya Holga, kwa hiyo kata vipande vya sponji ya godoro, viwili, bana juu na chini ya kopo likae katikati wima. Ulimi wa mkanda ubandike kwa tepu kwenye spuli tupu ya 120, katikati kabisa, unyooke. Ukienda kombo kidogo, kufikia picha ya tano umekwama. Kidirisha chekundu kizibe moja kwa moja, ndani na nje, kwa sababu 35mm haina karatasi ya mgongoni.

Namba za picha hutaziona tena. Utahesabu mlio wa gurudumu, kale "tik tik". Mimi nilitoa kafara mkanda mmoja uliokwisha muda, nikauweka kamera ikiwa wazi, nikachora kwa kalamu kila ulipofika. Mwanzo ni kama milio 34 kwa picha moja. Ukiendelea, spuli inanenepa, na milio inapungua. Mwishoni nilikuwa kwenye ishirini na kitu. Usitumie hesabu yangu kama sheria, jaribu kwako.

Utapata picha ndefu za kulala, kwenye mkanda wa 36 kama ishirini hivi. Bandika tepu juu na chini ya kidirisha cha kuchungulia ili usijidanganye na kichwa cha mtu ambacho hakitatokea.

La mwisho na ndilo linalowaumiza wengi: Holga haina mpini wa kurudisha mkanda. Ukimaliza USIFUNGUE. Ingia chumba cha giza totoro, usiku, taa zimezimwa na simu iko nje, fungua chini ya blanketi, urudishe mkanda ndani ya kopo kwa mkono, ukizungusha kile kijiti cha juu.

Na mikanda ya friji itoe saa mbili tatu kabla, ikiwa bado imefungwa kwenye kopo lake la plastiki. Ukiifungua baridi kwa joto la Malindi, umande unaganda juu yake.

#9 FundiCherehani

Kuna mtu aliniambia mnasafisha mikanda kwa kahawa. Ni kweli ama ni porojo?

#10 MwanaUsitani

Ni kweli kabisa, kwa mkanda wa nyeusi na nyeupe. Ila si kahawa ya dele ya muuza kahawa wa bandarini. Ni ile ya kuyeyuka ya kopo, na ya bei ya chini ndiyo bora. Kwa lita moja ya maji: soda ya kufulia kavu gramu 54, vitamini C ya unga gramu 16, kahawa gramu 40. Anza na soda hadi maji yawe maangavu, kisha vitamini C, itatoa povu, kahawa mwisho. Dakika 15 kwa nyuzijoto 20, ndani ya tangi la kusafishia. Baada yake lazima upate fiksa ya kweli, dawa ya kuidumisha picha, hiyo haina mbadala jikoni.

Soda ya kufulia ikikosekana, chukua baking soda ya mandazi uikaange kwenye kikaango kikavu. Itachemka kama uji ingawa haina maji, ni hewa inatoka, halafu itatulia. Ipime: gramu 100 ikifikia karibu 63 imegeuka yote. Magadi ya maharage nilijaribu, yana mchanga na chumvi zake, nikapata ukungu juu ya picha. Sikurudia.

Shida yetu ni hizo nyuzi 20. Maji ya bomba huku yanakaribia 30. Natuma mtoto kwa wauza samaki alete barafu, naweka chupa ya dawa ndani ya ndoo yenye barafu (barafu isiingie ndani ya dawa). Kipimajoto cha homa hakifai, hakishuki hadi 20. Na maji ya kuoshea yawe na joto karibu na la dawa. Ukiuhamisha mkanda ghafla kutoka baridi kwenda vuguvugu, ile ngozi yake laini inajikunja kama maziwa yaliyoshika utando.

Maji ya kisima pia yaangalie. Yana chokaa, yakikutana na soda yanakuwa meupe. Mimi natumia ya mvua tuliyokinga, na suuzo la mwisho ni maji ya chupa. Zamani nilikuwa naona vitone vyeupe kwenye anga la kila picha, nikidhani ni lenzi.

#11 BintiMalindi

Kaka MwanaUsitani, natoa ripoti. Nimefanya yote isipokuwa kupaka rangi ndani.

Mkanda wa kwanza, picha 19. Nilianza kwenye Nguzo ya Vasco da Gama saa sita, kiswichi kwenye jua baada ya kutoboa tundu la 3mm. Nguzo imetoka nyeupe lakini mawe yanahesabika. Zile za kulia, upande wa bahari, zimepauka, nadhani ni huo mng'ao wa ndani uliosema. Picha mbili zimepandana, nilipotea hesabu niliposalimiwa.

Halafu nikaenda mji wa kale, nyuma ya msikiti, nikaiweka kamera kwenye kizingiti cha nyumba ya shangazi yangu. Mabonyezo manne. Shangazi alikuwa anakuna nazi juu ya mbuzi. Mwili umetulia, mbuzi imetulia, kifuu kimekuwa duara moja jeupe lisilo na mwanzo wala mwisho, na chini yake sinia imejaa.

Nimuoneshe kwanza, akiridhia nitaiweka hapa.

#12 MwanaUsitani

Mpe salamu zangu. Na kabla ya mkanda wa pili, paka rangi ndani.